Barua Kumi na Moja za Chokaa

Ibra, Alkhamisi, baada ya alasiri

Mwanangu Zuwena,

Salamu nilikupa asubuhi ulipopita barazani na kikombe chako, nawe ukaniamkia huku mdomo umejaa mkate, kwa hivyo hapa sitazirudia. Wala sitakuandikia habari za koti la mvua, dawa ya tumbo na mahali pa kuweka pasipoti. Hayo mama yako ameyashika tangu wiki iliyopita, na sioni pa kupenyeza langu. Nina jambo moja tu, na nitalisema mwanzo kabisa ili usisome kwa wasiwasi ukilitafuta.

Jicho langu la kulia limeingia mtoto wa jicho. La kushoto limeanza. Ukiona mistari hii inapanda mlima, sababu ndiyo hiyo.

Mama yako anajua. Kaka yako Nasir anajua. Siku ulipopata majibu kwamba umekubaliwa Manila, tulikaa sisi watatu tukaafikiana usiambiwe mpaka uwe umefika na umeanza mafunzo. Nasir alisema, "Akijua, atabaki," na sote tuliona kweli. Mtu anayesomea macho hawezi kumwacha babake kwenye ukungu akapanda ndege kwenda kutazama macho ya watu wengine. Mimi ndiye niliyelishikilia shauri lile kuliko wote. Leo mimi ndiye ninayelivunja, na hao wawili bado hawana habari.

Utasema: nilikupima mwenyewe siku ya Idi. Ulinipima. Ulikuja na ule ubao wa herufi zinazogeuka, ukautundika kwenye mlango wa majlisi, ukanisimamisha ukutani, ukanifunika jicho la kushoto kwa kiganja chako. Nikakutajia mstari kwa mstari, juu, chini, kulia, kushoto, mpaka ule mdogo kabisa. Ukafurahi, ukamwita mama yako: "Baba ana macho ya kijana." Zuwena, nimekaa miaka ishirini na sita katika chumba cha faili cha kliniki ya macho, na ubao kama ule ulikuwa umetundikwa mbele ya meza yangu. Sikuusoma. Niliusema kwa moyo, kama mtoto wa chuoni anavyosema sura asiyoielewa.

Jioni ile nilijiona hodari sana. Nilipokwenda kutawadha kwa Maghribi ndipo nikakumbuka kwamba nilishapata kuwa hodari namna hii zamani, na niliyemfanyia ni bibi yako. Habari hiyo hukupata kuijua, ingawa ulikuwepo. Ulikuwa na miaka tisa, umekaa kwenye mkeka pembeni yake.

Unajua tulivyofika hapa. Tulitoka Unguja nina miaka kumi na miwili, tukatangatanga, baba yangu akafa njiani kabla hatujafika popote pa kupaita kwetu, na mimi na bibi yako tukaingia Ibra, bara ya Maskati, nikiwa kijana wa ishirini. Tukapewa vyumba viwili vya udongo katika nyumba ya ukoo ambayo hatukupata kuiona ila kwa kusimuliwa. Watu walitupokea. Lakini tulikuwa Wazinjibari, na bibi yako Kiarabu chake kilikuwa cha sala na salamu. Jumatano akienda soko la wanawake, alinunua kwa vidole na kwa kucheka. Walimpenda kwa hilo. Ila mtu hawezi kukaa miaka yote anacheka tu.

Lugha yake ilibaki kwangu mimi, kwa wanawake wachache waliorudi kama sisi, na kwa mdogo wake, Bi Riziki, aliyebakia Unguja, shamba la Mwera. Bi Riziki alikuwa akimwandikia. Barua zilikuja kwa mikono ya wasafiri, moja kwa mwaka, mwaka mwingine isije, zimekunjwa ndogo na kushonewa ndani ya kitambaa. Ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofundishwa walipokuwa wasichana. Jirani yeyote wa Ibra angeweza kuishika na kuitamka kwa sauti bila kuelewa neno. Nasir angeielewa akisomewa, lakini kuifuata kwa macho ilimshinda. Bibi yako alizisoma mwenyewe, mara nyingi, kisha akazitia katika kopo la biskuti.

Halafu ukungu ukamfunga macho. Taratibu, miaka miwili mitatu. Nikawa mimi ndiye msomaji wake, na mimi ndiye mwandishi wa majibu. Hapakuwa na mwingine.

Barua ya kwanza niliyomsomea ilikuwa na habari za mvua, za karafuu, za ng'ombe aliyezaa mapacha. Katikati palikuwa na haya: njia imefunguka sasa, dada, watu wanakuja na kurudi salama, na mimi chumba chako nimekipaka chokaa, nakungoja.

Nilisoma mvua. Nilisoma karafuu. Nilipofika kwenye chumba, nikaruka, nikamsomea ng'ombe.

Sikukusudia. Nimeisoma nafsi yangu miaka mingi juu ya dakika ile na bado nakuambia sikukusudia. Macho yalifika pale, na kifua kikaniambia: akienda, hatarudi. Nilishapoteza nchi na nilishapoteza baba. Nilikuwa na vyumba viwili vya udongo na mama. Nikaruka kama mtu anavyoruka shimo analoliona ghafla njiani.

Mwaka wa pili barua ilisema: nimekipaka chokaa tena. Hapo ndipo nilipokusudia. Mwaka wa nne Bi Riziki aliandika: nimekuuliza mara ngapi, dada, na katika majibu yako hakuna neno juu ya hilo, kama nimekukosea niambie. Hiyo nayo nikairuka. Nikamsomea habari za mtoto wa jirani aliyeolewa Pemba. Bibi yako alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea: "Riziki haniulizi nitakwenda lini. Labda wameshazoea bila ya sisi."

Ningeweza kusema pale pale. Nilimwambia chai inapoa.

Barua zikafika kumi na moja. Kila moja ina chokaa yake.

Sasa nije kwa Sista Nena, ambaye utamwona Jumamosi, inshallah, maana ndiye atakayekupokea. Unamkumbuka mwenye nywele nyeusi na hatua za haraka. Sasa anasema nywele ni nyeupe tupu na magoti yanalia. Alikuwa muuguzi wa kliniki yetu miaka kumi na tano, na kila mwisho wa Desemba alikuja na sahani ya mkate wa mchele na nazi, wa kuokwa juu ya majani, akatugawia wote, kuanzia daktari mpaka mfagizi. Mwaka mmoja nikampelekea bibi yako kipande. Alikitafuna huku macho yake meupe yanatazama ukuta. Akasema, "Mkate wa kumimina huu. Nani Mzanzibari hapo kwenu?" Nikamwambia ameupika Mfilipino. Hakuniamini. Alisema Mfilipino huyo nyanya yake lazima alipita Unguja.

Mkate ule ulikuwa wa kumkumbuka mtu. Sista Nena alikuwa na picha yake ndogo ndani ya mlango wa kabati lake la nguo za kazi: kijana mwenye nywele zilizochanwa upande, koti jeusi, macho ya utulivu. Nilimuuliza kama ni jamaa yake. Akacheka. Akaniambia ni shujaa wa taifa lao, na kwao hakuna mji usio na sanamu yake. Jina lake sitaliandika hapa. Utalisoma Manila barabarani, kwenye viwanja na shuleni, na uso wake utaushika kwenye sarafu. Mimi nilimjua kwa jina alilompa Sista Nena, daktari wa macho, na ndivyo nitakavyomwita.

Maana alikuwa daktari wa macho kweli. Hilo ndilo lililonishtua. Mimi nilidhani mashujaa wa mataifa wote wamepanda farasi. Huyu alisoma udaktari Ulaya, akaandika riwaya mbili kwa lugha ya watawala wa nchi yake, akiwaonesha watu wake wanavyoishi chini ya watawala hao na chini ya mapadri wao. Vitabu vikapigwa marufuku. Waliokutwa navyo waliadhibiwa. Sista Nena aliniazima cha kwanza kwa Kiingereza, kimefunikwa karatasi ya kalenda, na nilikisoma katika chumba cha faili saa za mapumziko, nimeegemea mafaili ya watu wenye macho mabovu. Kuna mama mmoja katika kitabu hicho anayewatafuta wanawe mpaka akili inamruka. Nilifunga kitabu pale, nikakaa siku mbili bila ya kukifungua.

Kilichonikaa si kufa kwake. Walimpiga risasi asubuhi, kijana wa miaka thelathini na tano, na watu wengi wanampendea hilo. Mimi nilipenda miaka minne aliyofukuziwa mji mdogo wa mbali kabla ya hapo. Hakukaa akajililia. Alichota maji ya mlimani akayaleta mjini kwa mifereji ya mianzi na mawe, nikamfikiria mzee wetu wa falaji, anayegawa maji ya mfereji mashambani. Akafungua skuli ya watoto. Akatibu macho ya waliokuja kwa safari ya siku nyingi. Mtu aliyeondolewa kwao anaweza kufanya hivyo, au anaweza kufanya nilivyofanya mimi, akashika kwa kucha kile kidogo kilichobaki na asikubali kitikisike.

Siku moja Sista Nena alikuja chumbani kwangu na faili lisilo na jina, akaliweka mezani. Alisema ni la mama yangu. Amelifungua yeye, kwa sababu amengoja miaka miwili mimi nilifungue. Nikaanza kumwambia kwamba mama ni mtu mzima, anaogopa visu. Hilo lilikuwa na ukweli wake. Sikumzuia bibi yako kutibiwa. Lakini sikumhimiza, na nilijua kwa nini sikumhimiza. Akiona, atasoma.

Sista Nena hakujua lolote la barua. Alinisimulia tu, kwa ule utaratibu wake wa kuzungumza huku anapanga vitu, kwamba daktari wao alirudi kwao kutoka Ulaya, wakati watu wote wanamwonya asirudi, na moja katika yaliyomrudisha ni macho ya mamake. Alimpasua yeye mwenyewe. Kisha akanitazama. "Baba," akaniambia, kama alivyoniita siku zote, "yeye alivuka bahari. Wewe unavuka korido."

Bibi yako alipasuliwa wiki mbili baadaye. Sista Nena alikaa naye kitandani akimwonya asiguse bendeji, akamsimulia kwa Kiingereza, mimi nikifasiri, kwamba mama wa shujaa wao alizifungua bendeji zake kabla ya wakati, jicho likavimba, na mwanawe akaghadhibika. Bibi yako alisikiliza, akasema, "Huyo mama alitaka kumwona mwanawe. Daktari alilisahau hilo." Sista Nena alicheka mpaka akakaa. Kisha bibi yako akanigeuzia uso uliofungwa vitambaa akaniuliza: "Amesema hayo tu, au umepunguza?"

Nilimwambia sikupunguza. Mara ile ilikuwa kweli.

Ulikuwepo walipomfungua. Wa kwanza kumwona alikuwa Sista Nena, akamwambia, "Kumbe mdogo hivi? Kwa sauti nilikudhani jitu." Akakuona wewe, akakushika kidevu. Akaniona mimi. "Umezeeka," akasema, na watu wote chumbani wakacheka, na mimi nikacheka nao. Siku hiyo hiyo ulitangaza garini kwamba utakuwa mtu wa kufungua macho. Tulidhani ni mambo ya watoto.

Alipopata miwani, asubuhi moja saa nne, alikaa kwenye mkeka penye mlango unaoingia jua, akaniambia nimletee kopo la biskuti.

Nikuambie ukweli wote. Nilishafikiri kulichoma. Nilishafikiri kusema panya, au kwamba tulipohamia nyumba hii ya matofali limepotea. Nilisimama ndani na kopo mikononi muda wa mtu kumaliza kikombe cha kahawa. Wakati huo nilikuwa naendelea na habari za yule daktari, nimefika usiku wake wa mwisho, alipoliandika shairi la kuiaga nchi yake akalitia ndani ya jiko dogo la spiriti, kisha akampa dada yake jiko lile mbele ya walinzi na kumnong'oneza kwamba ndani mna kitu. Yeye alitia karatasi chomboni ili wenyewe waisome. Nilitazama kopo langu. Nikamshukuru Mungu kwamba angalau sikuchana hata moja, nikatoka nalo.

Alisoma siku mbili. Wewe ulikaa pembeni unamtazama kidole kinavyokwenda, kutoka kulia kwenda kushoto, ukimuuliza hili neno gani na hili neno gani, naye akikujibu. Mimi nilikwenda kazini na kurudi na hakuniambia kitu. Siku ya pili baada ya alasiri, saa kama hii, aliniita. Barua zote kumi na moja alikuwa amezipanga mbele yake kwa miaka. Akaweka kidole kwenye ya kwanza.

"Hii ulinisomea nini?"

"Mvua," nikamwambia. "Karafuu. Ng'ombe wa mapacha."

"Mvua imo," akasema. "Karafuu imo. Ng'ombe yumo. Na mimi nimo, huyu hapa, chumba changu hiki. Mbona mimi hukunisoma?"

Mwanangu, nimesikia maneno makali maishani, mengine ya watu wenye bunduki. Sijapata kusikia kama hayo, na aliyasema bila ya kupandisha sauti, huku wewe umelala kwenye paja lake.

Nikamwambia, "Niliogopa utakwenda usirudi."

"Ungenambia hivyo. Ningekujibu."

Nilimuuliza kama hakupata kushuku. Akasema sauti yangu ilikuwa ikiruka, kama sahani ya santuri iliyokwaruzika. "Nilijua unaruka. Sikujua unaruka wapi. Nikajisemea, labda Riziki anatukana." Akazikunja barua moja moja, akazirudisha koponi. "Kanikatie tikiti."

Nikasema nitamsindikiza.

"Umenisindikiza miaka kumi na mbili," akasema. "Imetosha. Nasir atanipeleka."

Hilo lilikuwa adhabu yangu yote. Hakunipa nyingine, na ile aliyonipa nilistahili.

Nasir alinisimulia mengine aliporudi. Bi Riziki alikuwa hai, Alhamdulillahi, mzee, kiziwi sikio moja. Walikumbatiana uwanjani wakasimama tu, mpaka askari akawaomba wapishe njia. Chumba kilikuwepo. Kina kitanda, kina dirisha la miti, na kuta zake zimepakwa chokaa mara kumi na moja mpaka pembe zake zimekuwa za mviringo. Bibi yako aliingia akapitisha kiganja ukutani, kikatoka cheupe. Akakitazama kiganja kile kwa macho yake mapya. Nasir anasema hakulia. Aliuliza kama kuna chai.

Kisha akarudi Ibra. Nilimpangia siku arobaini, na siku ya arobaini alishuka ndege Maskati amevaa kanga mpya, na kikapu cha mbata ambacho watu wa forodha walimsumbua nacho. Nilikuwa nimejiandaa kwamba hatarudi. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba asiporudi ni haki yake, na kwamba sitamwandikia hata neno la kumvuta. Garini, tulipofika kwenye milima, nilimuuliza kwa nini amerudi. Akasema, "Wajukuu wangu wako huku. Na wewe huwezi kuachwa peke yako, unasoma vibaya."

Tangu siku hiyo mpaka alipofariki, barua ya Bi Riziki ikija, alinipa mimi niisome kwa sauti, ingawa alikuwa anaona. Alikaa na miwani yake pembeni yangu, anafuata kwa macho, na nikifika pazito alinigonga gotini kidogo ili nisipunguze mwendo. Ninazikumbuka jioni hizo kama wakati mzuri kuliko wote niliokaa naye. Sikustahili, lakini nilizipata.

Nimekueleza yote haya ili ujue kwa nini siwezi kulishika lile shauri letu la watatu. Tulilipanga kwa mapenzi. Mimi nilimrukia bibi yako mistari kwa mapenzi vile vile. Kwangu mimi niliyetenda hapakuonekana tofauti yoyote. Tofauti ilikuwa kwake yeye, aliyekaa miaka kumi na mbili akidhani hatakiwi mahali ambapo anapakiwa chokaa.

Na sasa la macho yangu, kwa ukamilifu, kama ambavyo ungependa mgonjwa akueleze. La kulia naona mwanga, rangi, na umbo la mtu. Uso siuoni ila akikaribia. Halitoi tongo, haliumi, halina wekundu. La kushoto lasoma herufi kubwa, na hii naandika kwalo. Nimeandikishwa kupasuliwa Jumanne baada ya wiki ijayo, hospitali ya hapa hapa, na daktari ni yule mwenzako uliyesoma naye, unayesema mikono yake imetulia. Jumanne hiyo utakuwa Manila. Hilo nililipanga mimi mwenyewe na halikuwa bahati. Nilitaka liwe limekwisha ndipo usikie.

Ukitaka kujua ninalolitaka, nataka uende. Nimeingojea safari hii tangu siku ile uliyotangaza garini. Nataka usome kwao, kwenye nchi ya yule daktari, uone sanamu yake, kisha uniandikie kama kweli anafanana na ile picha ya ndani ya kabati. Nataka uule mkate wa Desemba ungali moto. Sitaki uwe yeye. Yeye alimpasua mamake kwa mkono wake, na nadhani hakupata usingizi. Wewe huna haja ya kushika kisu juu ya jicho la babako ili nijue unanipenda. Lakini hayo ni matakwa yangu, na nimeshaona nini hutokea matakwa yangu yanapoamua nani asikie nini.

Kama utasema utaahirisha wiki tatu, sitakugombeza. Mama yako atanigombeza mimi, na Nasir ataninunia mpaka Idi ya pili. Kama utasema utakwenda, basi nitajua umekwenda huku unajua, na nitalala pale mezani Jumanne na moyo mwepesi. Lile lingine, la wewe kuwa Manila unacheka na Sista Nena huku sote hapa tumekuficha, siliwezi. Nililifanya mara moja na lilinigharimu safari ya mama yangu, akasindikizwa na mtu mwingine.

Nimekuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyotendewa kosa. Najua unakisoma polepole, na mengine unayachanganya na Kiarabu, hata bibi yako alikuwa akishika kichwa. Hakuna neno humu ambalo hukupata kulisikia kwa bibi yako.

Nilikusudia kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute ukifika. Nilishaitafutia mahali, kati ya kile kikoi na tende za Sista Nena. Nikaona kwamba hiyo nayo ni kuruka, ila ni kuruka kwa ujanja zaidi. Kwa hivyo sitaitia popote. Nakusikia chumbani kwako unabishana na mama yako juu ya viatu. Nitakuja nikupe mkononi sasa hivi, kabla ya chai, na sanduku bado liko wazi, na uwanja wa ndege ni kesho.

Nitakuwa barazani. Ukikwama kwenye neno, njoo uniulize. Ukija na ule ubao wa herufi, nitakusomea ninachokiona tu.

Isome yote, mwanangu. Usiruke.

Baba yako